Kupika Taq yako mwenyewe, kwa maabara isiyo na hela ya kuagiza

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitupa kimeng'enya cha shilingi laki nane kwenye pipa la taka. Sanduku lilikaa siku 11 uwanja wa ndege likisubiri karatasi, na lilipofika kwetu Morogoro barafu kavu yote ilikuwa imeshaishia hewani. Nilishika kichupa, vuguvugu kama kiganja changu. Chuoni tulifundishwa kwamba kimeng'enya kikipata joto kimekufa. Nikatupa.

Mzee wetu wa maabara, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, akaniuliza mzigo uko wapi. Nikamwambia. Hakusema neno. Aliinama, akakitoa kichupa pipani, akakifutia kwenye koti lake jeupe.

"Mwanangu," akasema, "hiki asili yake ni maji ya moto yanayofuka mvuke. Joto la Dar litakifanya nini?"

Jioni ile ile akakitumia kupima majani ya muhogo yenye ugonjwa wa batobato, na bendi, ule mstari wa DNA kwenye jeli, ikatoka nene, inang'aa. Nikamwomba radhi, akacheka. Wiki iliyofuata akanifundisha kutengeneza kimeng'enya hicho, kiitwacho Taq, pale pale maabara, na tangu hapo sijaagiza tena ya kazi za kawaida. Haya ninayoandika ni maelekezo yake, pamoja na makosa yangu niliyoyafanya baada ya yeye kwenda kupumzika kwao Lushoto.

Naandika kwa mtu anayejua kushika pipeti, aliyewahi kuotesha bakteria na kuendesha jeli. Kama bado, tafuta kwanza wa kukuonyesha hayo mawili, kisha rudi.

Kwa nini kazi hii ni rahisi kuliko unavyodhani

Taq ni kifupi cha Thermus aquaticus, bakteria waliopatikana kwenye chemchemi iitwayo Mushroom Spring, hifadhi ya Yellowstone, Marekani. Aliyewachota mwaka 1966 ni Thomas Brock wa Chuo Kikuu cha Indiana, pamoja na mwanafunzi wake Hudson Freeze. Ndiyo, jina la ukoo la kijana aliyewapata bakteria wa maji ya moto lilikuwa Freeze. Waliwatangaza rasmi mwaka 1969. Bakteria hawa hustawi zaidi kwenye nyuzi 70 hivi. Mwaka 1976 Alice Chien na wenzake wakatenga kimeng'enya chao cha kunakili vinasaba, yaani DNA polimerasi. Baada ya hapo kikakaa miaka bila mtu kukishughulikia sana.

Mwaka 1983 Kary Mullis, akifanya kazi kwenye kampuni ya Cetus kule California, akabuni PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi: unachemsha DNA nyuzi zake ziachane, unapooza, polimerasi inanakili, unachemsha tena. Shida ni kwamba polimerasi waliyokuwa nayo ilitoka kwa E. coli, na kila walipochemsha ilikufa. Ikabidi mtu akae na saa, afungue mirija kila mzunguko, aongeze kimeng'enya kipya. Mizunguko 30, mara 30! Walipoijaribu Taq, ukawa unaiweka mara moja, unafunga mfuniko, unakwenda kunywa chai. Mullis akapata Nobeli ya Kemia mwaka 1993.

Siri unayotakiwa kuishika katika maelekezo haya yote ni hii moja. Wageni wanaokwenda Ziwa Bogoria kule Kenya huchemshia mayai kwenye chemchemi za kando ya ziwa. Ute wa yai unageuka mweupe kwa sababu protini zake zimefumuka kwa joto, zikang'ang'aniana, zikaganda. Protini nyingi za E. coli nazo zikifika nyuzi 75 hufanya hivyo hivyo. Taq haigandi, kwa kuwa imekunjwa kwa kubana, kiini chake kinakimbia maji, na chaji za umeme zimeshikana kama vifungo vya shati. Kwa hiyo ukichukua gene ya Taq ukaitia kwa E. coli, ukaiacha itengeneze protini kwa wingi, kisha ukachemsha mchanganyiko wote kwa nyuzi 75, takataka zinaganda zenyewe na mali yako inabaki kwenye maji. Wanaosafisha vimeng'enya vingine hununua safuwima za kuchujia protini, za bei mbaya. Sisi jiko linatutosha.

Watu huniuliza kwa nini tusichote tu bakteria wa kwetu. Kwanza, Chemka ya Kilimanjaro mnayoipenda kuogelea ina jina kubwa tu. Maji yake ni ya kuogeshea mtoto, bakteria wa kule hawana sababu ya kuvumilia nyuzi 75. Pili, chemchemi zenye moto wa kweli zipo, Bogoria ikiwemo, na Sempaya kule Uganda, lakini kuchota vijidudu kwa ajili ya utafiti kunahitaji vibali vya nchi na makubaliano ya nani atanufaika. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 uliandikwa kwa mambo kama haya. Tatu, Thermus mwenyewe ni msumbufu kumlea na kimeng'enya anachokupa ni kidogo. E. coli anakua usiku mmoja.

Unachohitaji

Plasmidi kwanza, yaani kile kiduara kidogo cha DNA kinachobeba gene. Sisi tunatumia pAKTaq, ambayo inabeba gene ya Taq na ukinzani wa ampisilini, na huwashwa kwa kemikali iitwayo IPTG. Inapatikana Addgene, hifadhi isiyo ya faida inayogawa plasmidi kwa taasisi za utafiti. Taasisi yako itasaini makubaliano ya matumizi. Kuhusu hati miliki usiwe na hofu kubwa, zile za msingi za PCR ziliisha Marekani mwaka 2005 na za Taq ya asili nazo zimeshapita. Ila iarifu kamati ya usalama wa kibayolojia ya mahali pako, maana bakteria uliyembadilisha vinasaba ni bakteria uliyembadilisha vinasaba, hata kama ni mpole.

Bakteria: DH5 alfa au aina yoyote ya kawaida ya maabara. Vifaa: insubeta ya kutikisa, mashine ya kuzungusha yenye ubaridi, beseni la maji moto la umeme, mfuko wa dayalisisi (unaopitisha maji na chumvi lakini unabakiza protini), na kipimajoto cha kioo. Hicho kipimajoto nitakirudia, usikipuuze.

Kemikali zenyewe ni za kawaida. Andaa bafa tatu:

Bafa A: Tris-HCl milimola 50 yenye pH 7.9, glukosi milimola 50, EDTA milimola 1.

Bafa ya kupasulia: Tris-HCl milimola 10 yenye pH 7.9, KCl milimola 50, EDTA milimola 1, Tween 20 asilimia 0.5 na NP-40 asilimia 0.5. Ukikosa NP-40, Triton X-100 inafanya kazi.

Bafa ya kuhifadhia: Tris-HCl milimola 50 yenye pH 7.9, KCl milimola 50, EDTA milimola 0.1, DTT milimola 1, na gliseroli asilimia 50.

Maelekezo ya zamani yanataka pia PMSF ya kuzuia vimeng'enya vinavyotafuna protini. Ni sumu, na kwenye maji haidumu. Mimi siku hizi siiweki. Nikishachemsha, hivyo vitafunaji vinaganda na wenzao. Gliseroli nayo, mwaka mmoja tulipoishiwa, nilinunua gilisarini duka la dawa, ile yenye maandishi ya BP na isiyo na manukato. Ilifanya kazi. Ya saluni usiiguse.

Siku ya kwanza na ya pili: kuotesha

Ingiza plasmidi kwenye bakteria kwa njia yako ya kila siku, otesha kwenye sahani ya LB (chakula cha bakteria) yenye ampisilini mikrogramu 100 kwa mililita. Chukua koloni moja, iweke kwenye LB mililita 5 yenye ampisilini, iache usiku kucha nyuzi 37.

Asubuhi mimina zote 5 kwenye LB mililita 500 yenye ampisilini. Tumia chupa ya lita 2, usije ukajaza chupa ya nusu lita hadi shingoni. Bakteria hawa wanahitaji hewa, na wasipopumua watakupa uji mwepesi usio na maana. Tikisa, nyuzi 37. Baada ya saa 3 hivi anza kupima kwa spektrofotomita kwenye nanomita 600. Ikifika 0.8, weka IPTG hadi milimola 0.5, ambayo kwa nusu lita ni miligramu 60. Acha iendelee kutikisika saa 12 hadi 16.

Hatua hii haina mengi. Ukifika kesho yake, fungua mlango wa insubeta: ile harufu nzito ikikupiga puani, wameota.

Siku ya tatu: kupika

Zungusha bakteria, mwaga maji ya juu kwenye ndoo yenye jiki (usimwage sinkini wakiwa hai, wana ukinzani wa dawa). Waoshe kwa mililita 50 za Bafa A, zungusha tena. Sasa wakoroge kwenye mililita 25 za Bafa A uliyoitia lisozaimu miligramu 4 kwa kila mililita. Lisozaimu hutengenezwa kutokana na ute wa yai, ndiyo, tena yai. Kazi yake ni kutoboa ukuta wa bakteria. Iache dakika 15 kwenye joto la chumba. Utaona mchanganyiko unaanza kuvutika kama mlenda. Hiyo ni DNA ya bakteria inayotoka, usiogope.

Ongeza mililita 25 za bafa ya kupasulia. Gawa kwenye mirija miwili ya mililita 50, kila mmoja nusu, kisha peleka kwenye maji ya nyuzi 75 kwa saa 1.

Hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza nilipokuwa peke yangu. Beseni letu lilionyesha 75 kwenye kioo chake, namba nyekundu kabisa, nikaliamini. Nilimaliza hatua zote, siku nne za kazi, nikaendesha PCR. Jeli ikatoka tupu. Hata sampuli ya uthibitisho, ile ambayo lazima itoke, haikutoka. Nikarudia, tupu. Nikampigia Mzee simu, baada ya shikamoo na habari za Lushoto akaniuliza swali moja: "Ulipima kwa kioo?" Nikaenda nikatumbukiza kipimajoto cha kioo kwenye beseni. Nyuzi 63.

Kwenye 63 baadhi ya protini za E. coli bado zina nguvu, zikiwemo zile zinazokatakata DNA. Nilikuwa nimetengeneza dawa ya kuharibu sampuli zangu mwenyewe. Kwa hiyo: pima maji kwa kioo, kisha weka mrija wa tatu wenye maji matupu mililita 25 na kipimajoto ndani yake. Anza kuhesabu ile saa 1 pale huo mrija unapofika 75. Unapotumbukiza tu mirija bado ndani ni baridi. Mirija ya plastiki mnene huchukua muda wake.

Kwa upande mwingine usijidanganye kwamba ukizidisha moto unasafisha zaidi. Taq inavumilia, lakini ina mwisho. Kwenye nyuzi 95 nusu ya nguvu yake inapotea ndani ya dakika 40 hivi, kwenye 97.5 ni kama dakika 9. Ndiyo maana inamudu PCR: mizunguko 30 ya nusu dakika kwenye 94 ni jumla ya dakika 15. Lakini ukiichemsha saa nzima kama maharage, utabaki na maji.

Na umeme ukikatika katikati? Ulinikatikia mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshajiandaa: nilileta hotpoti ya nyumbani, ile kubwa ya kubebea pilau, nikachemsha maji kwenye jiko la gesi, nikayachanganya na ya baridi hadi kioo kikasoma 78, nikatumbukiza mirija, nikafunika, nikazungushia kanga mbili. Baada ya dakika 60 maji yalikuwa nyuzi 71. Nilidhani nimeharibu tena, kumbe ile ndiyo ilikuwa mojawapo ya Taq nzuri nilizowahi kutoa. Tangu siku hiyo hotpoti ni mali ya maabara na nyumbani niliambiwa ninunue nyingine.

Ukitoa mirija utaona mabadiliko kwa macho. Kile kimlenda chenye rangi ya uji kimekuwa kama maziwa yaliyokatika: mabonge meupe yanayoelea kwenye maji yenye unjano kidogo. Ukiona bado ni uji laini bila mabonge, hujafika joto, rudisha. Weka kwenye barafu dakika 10, kisha zungusha kwa nguvu ya g 12,000, nyuzi 4, dakika 20. Nyonya maji ya juu taratibu. Mabonge usiyaonee huruma hata kama yamebaki na maji mililita mbili tatu.

Kukusanya

Pima ulichopata. Kwa kila mililita 100 unaweka amonium salfeti gramu 30. Mimi kwa kawaida nabaki na mililita 45, hivyo ni gramu 13.5. Saga chumvi hiyo iwe unga, iweke kidogo kidogo huku unakoroga polepole, kwa dakika 30. Ukikoroga kwa nguvu utapata povu kama la sabuni, kwa sababu ile Tween ni ndugu yake sabuni, na protini huharibikia kwenye povu.

Zungusha tena, g 12,000, dakika 20. Sikiliza sasa, maana hapa wanafunzi wote hulia. Umezoea kwamba ukizungusha, unachotaka kinakaa chini. Hapa sivyo. Kwa ajili ya zile sabuni, sehemu kubwa ya protini yako huelea juu kama ukoko wa maziwa, na nyingine hukaa chini. Kuna kijana alikuja mafunzo kwetu, akamimina juu yote sinkini, akaniletea mrija wenye kitu kidogo chini. "Dada, hiki hapa." Nikamuuliza juu kulikuwa na nini. "Takataka tu, kama malai." Ile malai ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta siku tatu. Kwa hiyo chota ukoko wa juu kwa kijiko kidogo cha maabara, toa maji ya katikati kwa pipeti, kisha chukua na wa chini. Vyote viyeyushe kwenye mililita 10 za Bafa A isiyo na lisozaimu.

Mimina kwenye mfuko wa dayalisisi, funga ncha zote mbili, uache nafasi kidogo. Tumbukiza kwenye mililita 250 za bafa ya kuhifadhia, kwenye friji nyuzi 4, saa 12. Badilisha bafa, saa 12 nyingine. Mfuko utasinyaa, kwa sababu gliseroli inavuta maji nje. Ukiukuta umenywea kama puto la sherehe ya juzi, ndivyo unavyotakiwa kuwa. Kilichomo ndani ongezea bafa ya kuhifadhia ya kiasi sawa na hicho. Hiyo ndiyo Taq yako.

Gawa kwenye vichupa vidogo, weka friza ya nyuzi hasi 20. Kwa ile gliseroli haitaganda, itabaki nzito kama asali. Usitumie friza ile inayojiyeyushia barafu yenyewe, maana hupasha moto na kupoza kila siku, na usiweke mlangoni.

Kuipima, na hapa usiwe na haraka

Taq ya kununua inakuja na namba ya yuniti. Yako haina namba, una majimaji tu. Usiitie kwenye PCR hivi hivi. Kosa kubwa la anayepika kwa mara ya kwanza si kwamba Taq ni dhaifu, bali ni kali mno: ikizidi, jeli inatoka mkia mrefu wa moshi badala ya bendi.

Chukua sampuli unayoijua vizuri. Mimi natumia DNA ya jani la muhogo lenye batobato, kwa kuwa kirusi chake ni cha DNA na jibu ninalo tayari. (Sampuli ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia haitafaa hapa: kirusi chake ni cha RNA, lazima uigeuze kwanza kuwa DNA kwa kimeng'enya kingine, na hicho kingine ndicho kweli kinakufa kwa joto. Kikifika vuguvugu, hicho tupa.) Zimua Taq yako kwa bafa ya kuhifadhia: moja kwa 5, kwa 10, kwa 20, kwa 40, kwa 80, kwa 160. Endesha PCR sita za mikrolita 25, kila moja na mikrolita 1 ya mzimuo wake, pamoja na moja ya Taq ya kununua kama unayo, na moja isiyo na DNA kabisa.

Bafa ya PCR mara 10: Tris-HCl milimola 100 yenye pH 8.3, KCl milimola 500, MgCl2 milimola 15. Programu: nyuzi 94 dakika 3, kisha mara 30, 94 sekunde 30, 55 sekunde 30 (au joto linalofaa vianzilishi vyako, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili), 72 dakika 1, mwisho 72 dakika 5. Ile dakika 1 inatosha kipande cha herufi 1,000. Kipande kirefu zaidi, ongeza muda.

Kwenye jeli utaona ngazi. Mizimuo mikali ina moshi, halafu bendi inasafika, halafu inafifia. Chagua mzimuo mmoja kabla ya ule wa mwisho unaotoa bendi nzuri, ili Taq ikichoka kidogo miezi ijayo usikwame. Wangu huwa unaangukia kwa 20 au kwa 40. Hesabu mwenyewe, ukitumia mikrolita 1 ya mzimuo huo kwa kila PCR, nusu lita moja ya bakteria itakufikisha PCR ngapi. Mimi nilipohesabu mara ya kwanza nilikaa kwenye stuli.

Sasa mipaka yake. Taq, ya kupika au ya kununua, haijui kurudi nyuma kusahihisha herufi iliyokosea. Kwa kutazama kama kirusi kipo au hakipo, haina tatizo. Kwa kunakili gene utakayoisoma herufi kwa herufi au kuitumia kutengeneza protini, tafuta yenye kusahihisha, kama Pfu, ambayo nayo asili yake ni kijidudu cha maji ya moto, ila cha baharini. Pili, ya kwako imepikiwa ndani ya E. coli na bado ina mabaki ya DNA yake. Ukipima bakteria kwa vianzilishi vinavyoshika kila bakteria, mrija wako usio na sampuli nao utatoa bendi, na utamlaumu msafishaji wa maabara bure. Tatu, majibu ya wagonjwa usiyatoe kwa Taq hii. Mimea, mafunzo, utafiti, sawa. Hospitali ina taratibu zake.

Kuandika kwenye kichupa

Andika tarehe ya kupika, mzimuo uliouchagua, na jina lako. Si "Taq" tu. Tuna vichupa 9 kwenye friza vilivyoandikwa "Taq" tu, na hakuna anayethubutu kuvigusa wala kuvitupa.

Mwezi uliopita dada mmoja wa maabara ya Mwanza alinipigia, Taq yao imeisha na mzigo umekwama. Nilimfungia mililita 1 kwenye kichupa, kichupa kwenye bahasha, bahasha kwa kondakta wa basi la usiku. Bila barafu. Kondakta akaniuliza ni nini, nikamwambia dawa ya mihogo, akaiweka mfuko wa shati. Siku ya tatu nikapata picha ya jeli kwenye simu, moshi mtupu kutoka juu hadi chini.

"Dada, imeharibika njiani."

"Umezimua?"

Kimya kidogo. "Kumbe mlikuwa mmeandika kwenye kichupa."